Usisubiri programu ikamilike ndipo uitangaze

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza ugawe vipi muda kati ya kuunda programu na kuitafutia wateja, ilhali uko peke yako. Mimi hapa Arusha asubuhi naandika programu, na mchana wa Jumanne na Ijumaa naenda Soko la Kilombero nikiwa na simu tu. Muuza mchele mmoja aliifungua programu yangu ya hesabu ikiwa bado nusu, akaiweka kando, kisha akanionyesha daftari lililojaa majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Kumbe alichohitaji ni kumbukumbu ya wadaiwa, wala si ripoti za faida nilizozihangaikia miezi miwili. Nenda Soko la Mbuyuni hapo Moshi wiki hii, kabla hujaongeza kitufe kingine.