Mashine ndogo kwenye chombo cha tanga: kuifunga na kuihifadhi

Ndugu, umeuliza kama mashine yako ya nguvu farasi 4 ibaki imefungwa tezini (nyuma ya chombo) muda wote au uivue ukishatweka tanga. Safari fupi iache, ila inyanyue rafadha (panga la kusukuma maji) itoke majini, maana ikiburutwa inakula mwendo. Safari ndefu yenye mawimbi, ivue.

Kabla ya yote pima shafti, yaani urefu wa mguu wa mashine unaoshuka majini. Fupi ni kama sentimita 38, ndefu kama 51. Chombo cha tanga kinataka ndefu: omo (mbele ya chombo) ikizama kwenye wimbi, tezi inapanda, na rafadha ya shafti fupi inabaki hewani inalia tu. Kishikio cha kubebea mashine kifunge kwa bolti zinazopenya ubao, na upande wa ndani weka bamba la kugawa uzito. Zile skrubu za mashine za kukaza kwa mkono hulegea kwa mtetemo, kwa hiyo zikague kila mara na ufunge kamba ya usalama. (Yangu ilinichomoka nikiivua, ikaninginia kwenye kamba hiyo, maji yakiigusa kifuniko.)

Kuhifadhi: ipitishie maji yasiyo na chumvi, na ikiwa bado inanguruma funga petroli mpaka izime yenyewe, kabureta (panapochanganyika petroli na hewa) ibaki kavu. Isimamishe maji yachuruzike. Kama ni ya mipigo minne, ilaze upande ulioonyeshwa na mtengenezaji tu, la sivyo oili itaingia kwenye silinda. Na usiiweke unapolala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) ukisubiri cheche.