Mtoto kaombwa aeleze Kwanzaa darasani: mpe kazi, usimpe hotuba

Dada, swali lako nimelisoma. Mnaishi Ohio, mwanao ana miaka 8, ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, na sasa mwalimu amemwomba aeleze Kwanzaa darasani kwa kuwa "ni sikukuu ya Kiswahili". Nyumbani hamjawahi kuisherehekea, na unaogopa ataaibika.

Usimwandikie hotuba ya kujivunia Afrika. Mtoto wa umri huo hajivunii asili yake kwa kuambiwa ajivunie. Anajivunia kitu anachokiweza mbele ya wenzake, na hapa kipo: ataweza kutamka maneno ambayo hata mwalimu yanampa tabu.

Kabla ya hapo ajue sikukuu ni ya nani. Kwanzaa ni ya Wamarekani weusi. Aliyeianzisha ni Maulana Karenga, msomi na mwanaharakati Mmarekani mweusi, huko California, na ilisherehekewa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts jijini Los Angeles. Huchukua siku saba, hadi tarehe 1 Januari. Jina limetokana na "matunda ya kwanza", na ile a ya ziada iliwekwa ili herufi zitimie saba. Tanga au Mombasa hatuna sikukuu hiyo, na mtoto aseme hivyo waziwazi. Akidai "hii ni yetu" atakuwa amekosea, na pengine darasani yupo mwenzake ambaye bibi yake huwasha mishumaa hiyo kila mwaka. Wengi wa waliopelekwa Marekani utumwani walichukuliwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, si pwani yetu. Watu waliopokonywa lugha zao wangejuaje ya babu zao ilikuwa ipi? Ndiyo maana kilichaguliwa Kiswahili, lugha isiyo ya kabila moja. Jambo hili mweleze polepole, kisha akueleze yeye kwa maneno yake, hata kama ni kwa Kiingereza. Likimwingia, ataanza kuiona lugha yake kwa jicho jingine bila wewe kumhubiria.

Sasa maneno. Nguzo Saba, yaani misingi ya Kwanzaa, mmoja kwa kila siku, ni Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Kazi ya mtoto iwe kuwafundisha wenzake kuyatamka kwa kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Umoja ni makofi matatu, Kujichagulia sita, Ujima matatu, Ujamaa manne, Nia mawili, Kuumba matatu, Imani matatu. Jumla makofi 24. Kofi la pili kutoka mwisho lipigwe kwa nguvu, maana ndipo mkazo wa Kiswahili unapokaa: u-MO-ja, ku-ji-cha-gu-LI-a, u-ja-MA-a. Makosa utakayoyasikia ni yale yale. Kwenye Ujamaa wengi huvuta "ja" na kuzimeza a mbili za mwisho zikawa moja. Kuumba huwa "kumba", wakati ni ku-U-mba. Na neno Nguzo huanziwa na "en" mbele, kwa kuwa Kiingereza hakianzi neno kwa ng. Dawa yake ni kuwaambia watoto waseme "finger", kisha waidondoshe "fi" na kubaki na sauti inayofuata. Mwanao aijaribu nyumbani kwanza kwa neno ngoma. Mazoezi ya dakika tano kwa siku, siku kumi, yanatosha. Usimkalishe saa nzima Jumapili, atachoka nayo kabla siku haijafika.

Maana ni sehemu nyingine ambapo mtoto anayesikia Kiswahili nyumbani ana cha kuongeza. Ujima kwenye Kwanzaa ni kufanya kazi pamoja na kubeba matatizo ya jamii pamoja. Tanzania tungesema msaragambo, Kenya wana harambee. Ujamaa kule ni kuwa na maduka na biashara zao na kufaidika pamoja. Kwetu neno hilo lina historia ya Mwalimu Nyerere na Azimio la Arusha la Februari 1967. Kujichagulia sisi hatulitumii sana hivyo, tungesema kujiamulia. Mtoto asiseme wenzake wamekosea. Aseme: neno limesafiri, limepata kazi mpya.

Mfano mzuri kuliko yote ni salamu. Kwenye Kwanzaa mtu akiuliza "Habari gani?", jibu ni nguzo ya siku hiyo: tarehe 26 unajibu "Umoja", tarehe 27 "Kujichagulia", na kuendelea. Mtoto aliyezoea "nzuri" atashtuka, pengine atacheka. Mtayarishe mapema. Darasani anaweza kuonyesha majibu yote mawili, la nyumbani kwao na la Kwanzaa, na hapo watoto wenyewe huanza kuulizana. Vivyo hivyo kwa "muhindi", ambao kwenye meza ya Kwanzaa ni hindi, moja kwa kila mtoto wa nyumba hiyo. Mwanao asije akadhani neno hilo linasemwa juu ya Mhindi wa dukani.

Meza yenyewe si ngumu. Chini mkeka, juu yake mazao (matunda na mboga), mahindi, kikombe cha umoja, zawadi, na kinara chenye mishumaa saba: mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu kushoto, mitatu ya kijani kulia. Ni rangi za bendera ya mwaka 1920 ya chama cha Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi. Siku ya kwanza huwashwa ule mweusi. Siku zinazofuata familia hutofautiana, wengine humaliza myekundu kwanza, wengine hupokezana pande, kwa hiyo mtoto asiseme utaratibu ni mmoja tu. Shule nyingi hazikubali moto, basi tumieni mishumaa ya betri au ya karatasi. Kama una mkeka wa ukindu kutoka nyumbani, huo ndio wa kupeleka. Watoto waushike na kuona jinsi kili (mikanda ya ukindu uliosukwa) zilivyounganishwa kwa uzi, kwa kuwa mikeka mingi wanayoiona imetoka kiwandani. Mavazi ya "kiafrika" ya kukodi achana nayo kabisa. Mtoto aliyevishwa ngozi na kushikishwa mkuki anachekwa, na kicheko hicho hukisikia miaka mingi.

Mwandikie mwalimu wiki mbili kabla. Mwambie mambo matatu: mtoto atafundisha matamshi na salamu, asizidi dakika saba, na maswali ya historia ya Wamarekani weusi yajibiwe na mwalimu. Hili la mwisho usilione dogo. Mtoto wa miaka 8 akigeuzwa balozi wa bara zima, swali la tatu tu linamshinda, na anarudi nyumbani akiona aibu ile ile uliyotaka kuiondoa.

Wanaouliza kama ni ibada: Kwanzaa si ya dini, na wapo Wakristo na Waislamu wanaoiadhimisha. Kumimina maji kwa ajili ya waliotangulia, wanakoita tambiko, ndiko kunakowatatiza wengine wetu. Darasani hakuhitajiki, na mkialikwa nyumbani kwa watu mnaweza kukaa kwa heshima bila kushiriki.

Mkialikwa karamu ya tarehe 31, pelekeni kunde za nazi. Kunde zilitoka Afrika na watu waliopelekwa utumwani, na Wamarekani weusi huzila na wali siku ya mwaka mpya. Bila maelezo marefu mtoto ataona sahani mbili za ndugu. Kwa watu wanane loweka gramu 500 usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya dakika 40 hadi 50 mpaka zipondeke kwa kidole. Nyanya ziingie baada ya kunde kuiva. Zikitangulia, uchachu wake unafanya kunde zibaki ngumu hata ukipika saa mbili. Nazi ya kopo, makopo mawili ya mililita 400, usiyatikise. Mtoto achote kwa kijiko tui zito la juu, aliweke pembeni; jepesi lichemke na kunde, vitunguu na nyanya dakika 15, zito liingie mwisho, moto mdogo, akikoroga bila kuacha. Likichemka kwa nguvu linakatika na mafuta yanaelea.

Kuhusu kujibu Kiingereza, usimkatize wala kumcheka. Akisema "kitabu yangu iko wapi", wewe jibu "kitabu chako kiko mezani", uendelee na mazungumzo. Kiingereza kina neno moja la "yangu", ndiyo maana watoto wa huko hukwama kwenye ngeli. Akisikia umbo sahihi mara nyingi ndani ya maongezi ya kweli, litamkaa. Ukimsahihisha kila sentensi, atanyamaza.

Na Jumamosi kabla ya siku yenyewe mpigieni bibi yake Tanga saa 4 asubuhi ya Ohio, kwake itakuwa saa 12 jioni. Mtoto aanze na shikamoo, kisha awe na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi: "Bibi, zamani mkilima shamba la mtu kwa pamoja, kazi hiyo mliiitaje, na mliimba nini?" Akae na kalamu, aandike jibu, aende nalo darasani siku ya kufundisha Ujima.