Airisi zinazochanua mara mbili: usingoje maua ya pili ndipo uzihamishe

Kosa langu kubwa na airisi, maua ya bustani, hasa zile zinazochanua mara mbili kwa mwaka, lilikuwa kungoja. Maua ya kwanza yalikwisha, nikaona shina limebanana hadi majani yanasukumana, na kila nikishika uma wa bustani najiambia, "Acha zichanue tena kwanza." Zikachanua, zikapendeza kweli. Nilipokuja kuzihamisha, baridi ilikuwa mlangoni na mizizi haikupata muda wa kushika. Ardhi ikaganda, ikayeyuka, ikaganda tena, na kila mara ikiyasukuma juu matunguu, zile sehemu nene za mmea zinazotoa mizizi na majani. Nikayakuta yamelala ubavu juu ya udongo kama tangawizi zilizomwagika. Msimu uliofuata niliambulia majani matupu.

Tangu hapo nahamisha wiki 4 hadi 6 baada ya maua ya kwanza kunyauka. Airisi ya kawaida, ile ya kuchanua mara moja, huvumilia kungoja hata wiki 8, kwa kuwa mwaka huo imemaliza kazi yake ya maua. Hii yetu ina safari ya pili, na ukiichelewesha unaikatiza njiani.

Nazungumzia airisi za ndevu, zenye vinyweleo kama ndevu kwenye ua, ambazo tunguu lake hutambaa usoni mwa udongo. Tunguu likishatoa ua halitoi tena. Pembeni yake huota matunguu machanga, na hayo ndiyo maua yako yajayo. Kwenye wiki hizo baada ya kuchanua, mizizi ya zamani huanza kuchoka na machanga huanza kutoa ya kwao. Kwa hiyo kabla sijang'oa chochote, nafukua kwa vidole pembeni mwa shina moja. Nikikuta chini ya tunguu changa vinundu vyeupe, vigumu, vidogo kama punje za mchele, siulizi tena kalenda. Mmea uliopandwa na vinundu hivyo utashika haraka, kwa sababu mizizi yake itaotea moja kwa moja kwenye makazi mapya.

Kuna mpaka mmoja tu wa tarehe ninaouheshimu: zibaki angalau wiki 6 kabla ya jalidi kali, yaani baridi ya kugandisha. Pasipo na jalidi, kinachotakiwa kukwepwa ni kilele cha joto, maana kidonda kibichi kwenye udongo wa moto na unyevu huoza upesi. Ngoja joto lipungue.

Kung'oa kwenyewe si kazi ngumu. Chomeka uma mbali kidogo na shina, inua lote zima, kung'uta udongo, kisha ligeuze ulitazame vizuri. Tunguu mama lililokwisha kuchanua, jepesi na lenye makunyanzi, litupe. Chukua yale machanga: magumu ukiyabonyeza, yenye unene wa kidole gumba au zaidi, kila moja na majani yake na mizizi michache. Mengine huvunjika kwa mkono kwenye kiungo. Yakigoma, tumia kisu kikali kilichosafishwa. Majani yakate yabaki sentimita 15 hivi, ili mmea usipoteze maji kuliko mizizi inavyoweza kuvuta.

Ukikuta sehemu laini yenye harufu mbaya, hapo pameingia uozo wa bakteria. Mimi nachukua kijiko cha zamani na kuchokoa hadi nifikie nyama ngumu na nyeupe, kisha nalowesha kipande kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, na kukianika. Hata vipande vizima naviacha kivulini siku moja, vidonda vikauke.

Kupanda ndiko wengi wanakokosea, kwa sababu mkono umezoea kufukia. Tunguu la airisi linataka kuliona jua. Chimba shimo pana lisilo na kina, acha kichuguu kidogo katikati, kalisha tunguu juu yake, teremsha mizizi pande zote mbili, kisha rudisha udongo na uushindilie kwa viganja. Ukimaliza, mgongo wa tunguu uonekane. Mahali pawe na jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku na maji yasituame. Udongo ukiwa mzito, inua tuta. Achanisha sentimita 30 hadi 45. Tunguu hukua kuelekea upande wa majani, kwa hiyo ukipanda matatu pamoja, elekeza majani nje, yasije yakagongana baada ya mwaka.

Mwagilia mara moja vizuri, kisha udongo ukikauka tu. Hapa airisi za mara mbili zina tofauti ambayo sikuambiwa mapema: airisi ya kawaida hustahimili kiangazi kikavu bila shida, lakini hizi zikikosa maji kabisa hughairi maua ya pili. Zinapenda pia mbolea kidogo baada ya maua ya kwanza, isiyo na naitrojeni nyingi, maana naitrojeni huleta majani mororo na kuoza. Matandazo yakae mbali na matunguu. Na kwa kuwa huzaana haraka, zigawe kila baada ya miaka 2 au 3.

Mwaka wa kuhama usizidai maua ya pili. Zangu nyingi ni za aina ya Immortality, ile nyeupe iliyotolewa na mzalishaji wa airisi Lloyd Zurbrigg mwaka 1982, ambayo ni hodari sana wa kurudia, na hata hiyo mara nyingi huruka msimu huo. Dalili ninayoitafuta ni jani jipya la katikati linalochomoza juu ya yale niliyoyakata. Na kikonyo cha maua kikijitokeza halafu jalidi ikakaribia, kikate kikiwa na vichipukizi vilivyoanza kuonyesha rangi, ukitie kwenye chombo cha maji ndani ya nyumba. Vitafunguka humo kimoja baada ya kingine.