Maswali ya Wasomaji: Kiongozi wa Staki Akizimika

SWALI: Ndugu Mhariri, natunza mtandao wa ofisi moja hapa Mwanga, mjini Kigoma. Tuna swichi tatu (vifaa vya kuunganisha kompyuta za ofisi) zilizofungwa kuwa staki moja, yaani zinafanya kazi kama swichi moja chini ya kiongozi mmoja. Juzi waya wa umeme wa swichi ya kwanza, ambayo ndiyo kiongozi, ulichomoka. Swichi ya pili ilishika uongozi na watu wa kaunta waliendelea kuifikia seva bila shida, lakini mawasiliano ya nje yalipotea kwa muda uliotosha wateja kuanza kulalamika. Kebo ya ruta iko kwenye swichi ya tatu, ambayo haikuguswa, na njia tunabadilishana na ruta hiyo kwa OSPF, utaratibu ambao vifaa vya mtandao huutumia kuarifiana njia za kupitishia data. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kadhia hiyo. Umefanya vyema kutaja mahali ilipo kebo ya ruta, kwa kuwa ingekuwa kwenye swichi iliyozimika tusingekuwa na la kujadili: poti za swichi isiyo na umeme hazina mrithi.

Kinachorithiwa ni uongozi, na hapo kuna kazi mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza, ambayo ni ya kiongozi, ni kuzungumza na ruta jirani na kuandika njia kwenye jedwali. Ya pili ni kupitisha pakiti, yaani vipande vya data, kwa kufuata jedwali hilo, na hiyo hufanywa na chipu za kila swichi. Katika staki zinazonakili kumbukumbu, kama zile za Cisco Catalyst 3850 na 9300, swichi msaidizi, yaani ile inayosubiri kurithi uongozi, huwa imekwisha kupokea mpangilio, hali ya poti na jedwali la kupitishia pakiti kabla ajali haijatokea. Ndiyo sababu watu wa kaunta hawakuhisi kitu.

Mazungumzo ya OSPF, hata hivyo, hayamo katika nakala hiyo. Swichi ya pili iliposhika usukani ilianza kutuma salamu upya, salamu zisizomtaja jirani yeyote. Ruta ilipoona haimo katika orodha ya wanaofahamika, ilivunja ujirani na kuzifuta njia ilizojifunza kutoka kwenu, na majibu ya kutoka nje yakakosa njia ya kurudi Mwanga hadi pande mbili zilipofahamiana tena.

Dawa yake ni utaratibu wa kuanza upya bila kukata safari, ulioelezwa katika RFC 3623, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2003. Swichi iliyoshika uongozi humwarifu jirani kwamba inaanza upya na kumwomba asiifute, naye huendelea kutumia njia za zamani wakati orodha za njia za pande mbili zinalinganishwa. Utaratibu huu uwashwe kwenye staki, na ruta nayo iwe inauelewa. Cisco ina namna yake na IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya intaneti, ina yake, kwa hiyo hakikisha pande zote mbili zinatumia moja. Tena, kama kuna fundi aliyepunguza muda wa OSPF wa kumhesabu jirani kuwa amekufa, ambao kwa kawaida ni sekunde 40, hadi sekunde moja, urudishe. Haraka hiyo humfanya jirani akate tamaa kabla msaidizi hajafungua kinywa.

Usijaribu lolote kabla staki haijaonyesha kwamba msaidizi yuko tayari kabisa, kwani baada ya swichi kuwashwa kunakili huchukua dakika kadhaa, na swichi yenye toleo tofauti la programu haitaingia kwenye staki ipasavyo.

Jaribio lifanyike jioni ofisi ikiwa imefungwa: acha kompyuta moja ikipima mawasiliano na seva, nyingine na anwani ya nje, kisha chomoa umeme wa kiongozi. Kama hamjaiwasha upya staki nzima tangu siku ile, kiongozi huyo ni swichi ya pili, kwa maana ya kwanza iliporudi haikumnyang'anya mwenzake uongozi, hata ikiwa mliipa kipaumbele cha juu kabisa, yaani 15.