Kwa nini shaba ipimwe ndani ya ombwe?

SWALI: Mhariri, ninafundisha fizikia kidato cha sita. Wanafunzi wangu wanaelewa kwamba mwanga huweza kung'oa elektroni kwenye metali, lakini wameniuliza jinsi hali za elektroni za usoni zinavyopimwa, na kwa nini mitambo hiyo huhitaji ombwe kali. Naomba ufafanuzi.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, tuchukue uso wa shaba unaoitwa (111), namba inayotaja upande ambao fuwele ya shaba imekatwa. Uso huo umepimwa kwa njia hii ya kung'oa elektroni kwa mwanga tangu miaka ya 1970. Taa ya heliamu hutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye nishati ya elektronivolti 21.2 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Kuivusha elektroni nje ya uso huo hugharimu takriban elektronivolti 4.9, na ikiwa ilifungwa kwa 0.4 zaidi, hutoka na nishati ya karibu 15.9. Kwa hiyo anayepima nishati ya elektroni iliyotoka hujua jinsi ilivyofungwa, na pembe ambayo elektroni hutoka nayo humwonyesha mwendo wake sambamba na uso.

Kipimio chenyewe ni nusutufe mbili za metali, moja ndani ya nyingine, zenye volteji tofauti. Elektroni za polepole hupinda zaidi kuelekea ndani, za kasi huelekea nje, na zote hupokewa na bamba la kuzidisha elektroni lenye skrini na kamera nyuma yake. Kwa uso safi wa shaba hii, skrini, inayoonyesha nishati dhidi ya pembe, hutoa umbo la bakuli. Bakuli hilo ni alama ya elektroni zinazoishi usoni tu.

Suala la ombwe, kwa maoni yangu, ndilo linalostahili kufundishwa zaidi. Elektroni zenye nishati hiyo haziwezi kupita zaidi ya takriban nanomita moja bila kupoteza nishati, kwa hiyo habari zote hutoka kwenye tabaka chache za juu za atomu. Kwa kanieneo ya milibari 10⁻⁶, molekuli za hewa zinaweza kuufunika uso mzima kwa sekunde chache; kwa 10⁻¹⁰, yaani sehemu moja ya trilioni kumi ya hewa tunayovuta, mpimaji hupata saa kadhaa. Hata uga wa sumaku wa dunia huzuiwa kwa ngao ya aloi ya nikeli na chuma, kwa kuwa hupindisha njia za elektroni hizo za polepole.

Kabla ya kupima, shaba husafishwa kwa kupigwa na ioni za gesi ya agoni na kupashwa moto. Bakuli likianza kufifia, usafi umeondoka, na kazi hiyo hurudiwa.