Maswali Yenu: Kadi ya Sauti Isiyoumiza Mfuko

*Ndugu wahariri, natumia kompyuta ya mezani. Nikivaa hedifoni nasikia mlio mwembamba, na nikisogeza kipanya mlio unabadilika. Fundi anasema ninunue kadi ya sauti ya kuchomeka ndani. Itamaliza tatizo?*

Huenda, ila usitoe hela bado. Mlio unaofuata kipanya ni umeme wa kompyuta yenyewe unaovujia kwenye njia ya sauti. Prosesa na kadi ya picha zikifanya kazi, umeme zinaovuta hupanda na kushuka kwa kasi, na waya wa sauti ulio jirani huudaka. Anayedaka kuliko wote ni jeki ya mbele ya kasha. Kutoka pale hadi kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) kuna kebo ndefu, na mara nyingi imepitishwa ubavuni mwa kadi ya picha.

Kwa hiyo chomoa hedifoni mbele, uzichomeke nyuma kwenye jeki ya kijani. Usicheze wimbo wowote. Weka sauti pale unaposikilizia kila siku, kisha shika dirisha lolote ulizungushe kwenye skrini kwa nusu dakika. Kukiwa kimya, umepona bure. Mlio ukibaki, ingia kwenye mipangilio ya sauti, fungua viwango vya kifaa cha kusikilizia, na kama humo mna maikrofoni au jeki ya kuingizia sauti, zinyamazishe. Jeki tupu iliyoachwa wazi huleta uchafu wake masikioni mwako hata kama hakuna kilichochomekwa.

Yote hayo yakishindikana, nunua, lakini nunua kifaa cha nje cha USB, yaani kadi ya sauti inayokaa nje ya kasha. Kadi ya ndani inakaa mlemle kwenye kelele na inakula umeme uleule. Zipo zilizoundwa vizuri zikatulia, ila katika bei ya chini hatuoni sababu ya kubahatisha. Ukishikilia ya ndani, angalia kwanza nafasi zilizo kwenye ubao mama: kadi za zamani za PCI haziingii kwenye tundu la PCI Express, na bodi nyingi za siku hizi hazina tundu la PCI kabisa.

*Nimeona vifaa viwili vya USB. Kimoja kimeandikwa biti 24 na kilohezi 192, kingine biti 32 na kilohezi 384. Hedifoni zangu ni za omu 250. Nichukue kipi?*

Namba hizo nne ziweke pembeni. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1. Biti 16 zinabeba tofauti ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini, na kilohezi 44.1 zinatosha kubeba kila kinachofika sikioni, kwa kuwa hubeba sauti hadi karibu nusu ya namba hiyo, na sikio la binadamu linaishia karibu na kilohezi 20. Chipu za bei rahisi zilishavuka mpaka huo zamani. Namba kubwa kwenye boksi ni za kuuzia.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni zinavyozuia umeme. Zikiwa omu 250, unachotafuta ni volti. Chukua kalamu: volti mara volti, gawanya kwa omu, unapata wati. Kifaa kinachotoa volti 1 kwenye hedifoni za omu 32 kinatoa miliwati 31. Kifaa hichohicho kwenye omu 250 kinatoa miliwati 4 tu.

Sasa tazama hedifoni zenyewe zimeandikwa desibeli ngapi kwa miliwati 1. Tuseme ni 96. Nguvu ikiongezeka maradufu unaongeza desibeli 3, kwa hiyo miliwati 4 zinakufikisha 102. Hicho ni kilele. Wimbo uliorekodiwa kwa sauti kubwa mwanzo hadi mwisho utakushibisha. Muziki wenye vipindi vya chinichini, ambao wastani wake unaweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele, utakuacha ukisukuma kitelezi hadi mwisho na bado unaona kama kuna kitu kinapungua. Volti 2 zinaongeza desibeli 6, na hapo unapumua. Kwa hiyo kati ya hivyo viwili, chukua kinachotoa volti 2 au zaidi, hata kama ndicho chenye namba ndogo kwenye boksi.

Mtego mmoja: watengenezaji hupenda kuandika miliwati za kwenye omu 16 au 32, kwa sababu hapo tarakimu hunona. Isome pamoja na omu zake. Ikiwa zimeandikwa miliwati peke yake bila kutajwa omu, achana nacho.

*Mimi nina kinyume chake: vile vidogo vya kuingiza sikioni, omu 16. Sauti ni kubwa mno hata nikiwa kwenye 5, na kuna "shhh" isiyoisha.*

Hapo nguvu imezidi. Unahitaji kifaa dhaifu kilicho kimya, si amplifaya. Kama kifaa chako kina swichi ya nguvu ya chini na ya juu, iweke chini. "Shhh" nayo mara nyingi hupungua.

Kisha ulizia ukinzani wa jeki yenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni, yaani kwa omu 16 uwe omu 2 au pungufu. Jeki nyingine za ubao mama zina makumi ya omu. Visikilizio vyenye spika kadhaa ndani ukinzani wao hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, na vikikutana na jeki ya namna hiyo, noti nyingine huinuka na nyingine huzama. Mtu analaumu visikilizio, kumbe ni jeki. Adapta ndogo ya USB-C, ile ya kuunganishia visikilizio kwenye simu isiyo na jeki, ni dawa nzuri hapa. Ikiwa ina chipu yake ya sauti ndani, kompyuta huitambua yenyewe bila kuwekewa draiva (programu ya kuendesha kifaa).

*Adapta ya USB iliyoandikwa "7.1" inafaa muziki?*

"7.1" maana yake ni njia nane za sauti. Lakini adapta ndogo ya namna hii huwa na jeki moja ya hedifoni, na jeki hiyo inatoa njia mbili, kushoto na kulia. Hizo nyingine ni programu inayoongeza mwangwi. Kwenye michezo fanya upendavyo. Kwenye muziki izime, maana inafanya mwimbaji asikike kama yuko bafuni.

*Hedifoni zangu ni za Bluetooth. Kadi mpya itanisaidia?*

Hapana. Sauti inasafiri hewani ikiwa bado ni data, na inageuzwa kuwa umeme wa sauti ndani ya hedifoni zenyewe. Lakini kama ubora unaporomoka ghafla ukiwa kwenye simu ya video, ni kwa sababu hedifoni zimehamia hali ya mazungumzo. Chagua maikrofoni ya kompyuta badala ya ile ya hedifoni, na muziki utarudi.

*Ninaimba na kurekodi kwenye laptopu. Sauti yangu inanirudia masikioni kwa kuchelewa, napoteza mapigo. Je, ni kadi?*

Kwa sehemu kubwa ni bafa. Kompyuta hukusanya sampuli (vipande vidogo vya sauti) kwanza ndipo izitoe; bafa ni idadi inayosubiriwa. Sampuli 1,024 kwenye kilohezi 48 ni milisekunde 21, na hizo ni za upande mmoja: unazilipa kuingia na kutoka. Shusha hadi 128, ambazo ni chini ya milisekunde 3. Ukianza kusikia mikwaruzo, prosesa imelemewa. Panda hadi 256 na ufunge programu nyingine. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (njia ya mkato kati ya programu ya kurekodia na kifaa) iliyokuja na kifaa chako cha sauti, kwa kuwa njia ya kawaida hupitia kichanganyio cha mfumo na kuongeza foleni.

Kama bado hujanunua, tafuta kiunganishi cha sauti cha USB, yaani kifaa cha kuchomekea maikrofoni na hedifoni, chenye kitufe au kinobu cha kujisikiliza moja kwa moja. Hapo sauti yako inapita ndani ya kifaa bila kuingia kwenye kompyuta, na ucheleweshaji hausikiki. Hakikisha pia kinatoa umeme wa volti 48 kwa maikrofoni kama yako ni ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi), la sivyo haitatoa hata mnong'ono. Na ukishawasha njia hiyo, nyamazisha sauti yako inayorudishwa masikioni na programu ya kurekodia; ukisahau, utajisikia mara mbili na utaandika tena kutuuliza.