Muziki wa filamu: maswali yenu ya wiki hii

Programu gani ni bora kwa kutungia muziki wa filamu? (Tabata)

Hiyo uliyonayo. Mwezi huu nimeulizwa mara tano, na hakuna mwongozaji aliyewahi kuniuliza mimi.

Lazima nijue nota? (Morogoro)

Hans Zimmer, mtunzi maarufu wa muziki wa filamu, hakusomea muziki chuoni. Ila anao watu wa kumwandikia okestra. Wewe unao?

Prodyuza anataka muziki wa tamthilia, vipindi 26. Atalipa mara moja, bila mkataba, maana "sisi ni ndugu". Nikubali? (Arusha)

Ndugu huyohuyo akiiuza tamthilia kwa kituo kingine, utausikiliza muziki wako sebuleni bure. Kulipwa mara moja si dhambi, lakini iandikwe umeuza nini: matumizi ndani ya tamthilia hiyo tu, au haki zote? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usizigawe haki zako kwa soda mbili.

Na tangu kipindi cha kwanza jaza orodha ya muziki, mfano: kipindi cha 4, dakika 12:10 hadi 13:05, "Mama Analia", jina la mtunzi, ala tupu (hakuna kuimba), muziki wa usuli (unaopita chini ya maneno). Bila karatasi hiyo wagawa mirabaha (malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika) hawajui wamlipe nani. Mimi nilifanya tamthilia nzima bila kuijaza, nikidhani ni kazi ya kituo. Ikarudiwa miaka miwili usiku wa manane. Nilichoambulia ni salamu za majirani.

Muziki uanzie wapi kwenye tukio? (Mombasa)

Jiulize kwanza kama unahitajika. Kwenye filamu ya Psycho (1960) mwongozaji Hitchcock alitaka tukio la bafuni lipite kimya. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock aliposikia akabadili msimamo. Miaka mitatu baadaye, kwenye The Birds, Herrmann huyohuyo alikuwa mshauri wa sauti wa filamu isiyo na muziki wa usuli: ndege tu. Mtunzi aliyejua kunyamaza! Sisi kinanda kinalia tangu mlango unafunguliwa, hata matusi ya mama mkwe, ambayo ndiyo tuliyoyafuata, hayasikiki.

Nikichukua wimbo wa YouTube nikataja jina la mwenyewe mwishoni, inatosha?

Hapana.